Nakalibreti monita kila mara rangi tofauti, alafu albamu zinatoka giza. Msaada wadau

PichaZiwani

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, kazi yangu ni picha za harusi na sendofu, napiga naedit mwenyewe mpaka albamu. Upande wa rangi nimekwama kabisa, naombeni msaada wa mtu anayeijua hii kitu kwa undani.

Iko hivi. Natumia laptopu nimeiunganisha na monita ya nje inchi 24, paneli ya IPS, niliinunua ikiwa imeshatumika. Kwenye monita picha ziko vizuri kabisa, ngozi ya bibi harusi imetulia, koti la bwana harusi unaliona mpaka mshono. Albamu ikirudi kutoka kuchapwa imeingia giza, lile koti limekuwa doa moja jeusi, lapeli hazionekani wala vifungo, na nyuso zimeiva nyekundu. Mteja wa mwisho kaniuliza mbona sisi wote tumekuwa kama tumetoka kuchomwa jua, na ana haki kabisa, mtu kalipia kumbukumbu ya maisha yake.

Nikaambiwa tatizo ni monita haijakalibretiwa, yani rangi zake hazijapimwa na kurekebishwa. Nikapata kolorimita (kifaa cha kupima rangi za skrini) ya i1Display Pro kwa jamaa aliyekuwa anaacha hii kazi, akanipa na programu ya DisplayCAL na mafaili yake. Nikaweka waiti pointi (rangi ya weupe) 6500, gama (mpando wa mwanga toka nyeusi mpaka nyeupe) 2.2, nikaiacha ipime. Sasa ndo nimezidi kuchanganyikiwa maana nikipima mchana napata hivi, nikipima usiku napata vingine, ile niliyopima usiku nikiiangalia asubuhi imeingia ubluu, na kuna siku nawasha kompyuta naona kama vile haijawahi kupimwa kabisa. Alafu kwenye zote, mchana na usiku, grei zina upinki fulani hivi. Lakini ripoti ya mwisho inasema delta E (tofauti ya rangi iliyotakiwa na iliyopatikana) wastani 0.6, yani safi kabisa!

Laptopu nayo nimeipima kwa setingi zilezile, nikiziweka jirani hazifanani, nyekundu ya laptopu inaelekea kwenye chungwa.

Nimwamini nani, ripoti au macho? Na kwanini matokeo hayatulii? Na je hii kitu itaondoa giza kwenye albamu au napoteza muda?

kijana_wa_temeke

Mkuu usijitese, mteja mwenyewe siku hizi picha anaangalia kwenye simu. Hamishia kwenye simu mbili tatu, ikionekana freshi peleka. Mi natengeneza posta za mitandaoni sijawahi kuhitaji hicho kidude.

RangiSafi_NBO

@kijana_wa_temeke kwa posta za mtandaoni uko sawa kabisa, huko watu wote wanaonea kwa simu. Lakini huyu ndugu anachapisha. Karatasi haina taa nyuma yake, na simu nyingi zikitoka kwa boksi ziko kwa modi ya rangi kali, nyekundu na kijani zimepandishwa ndio skrini ivutie dukani. Ukitumia hiyo kama kipimo cha albamu utaumia.

PichaZiwani, mimi niko Nairobi nafanya kazi ya kuandaa mafaili kabla ya kuchapwa, na shida yako naiona karibu kila wiki. Wacha nianze na giza juu hiyo ndio rahisi na ndio inaharibu kazi nyingi zaidi kuliko rangi yenyewe. Monita ikitoka kiwandani braitnesi iko juu, unapata kandela 250 mpaka 300 kwa mita moja ya mraba. Ukiedit ukiangalia taa ya aina hiyo kila picha inakaa imejaa mwanga, kwa hivyo mkono wako wenyewe unaishusha mpaka ikupendeze, na faili inaenda kwa mashine ikiwa giza tayari. Hapo mashine haijakosa kitu, imechapa ile umeipa. Kwa kazi ya karatasi shabaha iwe kati ya 80 na 120, ikitegemea chumba chako kina mwanga kiasi gani. Standadi ya rangi ya sRGB, ile ya kawaida ya skrini, ilipoandikwa miaka ya 1990 walichukua monita ya kandela 80 kwa chumba chenye mwanga hafifu, kwa hivyo hizo namba sio za kubahatisha.

Kwa DisplayCAL kuna mahali pa kuandika hiyo namba. Kama uliacha neno la "kama ilivyo" basi ilipima tu rangi na mwanga ikauacha pale pale, na hapo utapata ripoti nzuri sana ya monita inayowaka kama taa ya gari.

Hata kabla hujagusa sensa, yaani hiyo kolorimita, fanya hivi: fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze skrini, chukua karatasi ya kuchapia picha, ishike kando ya skrini, taa ya chumba iwe ile unayotumia kuangalia albamu. Alafu shusha braitnesi kwa vitufe vya monita yenyewe, sio kwa Windows, mpaka ule weupe wa skrini uache kukaa kama taa uanze kukaa kama karatasi. Siku ya kwanza utaona giza, utasema nimekudanganya. Kaa nayo, macho yanazoea.

Sasa kwa kutotulia. Sensa yako haijui ni nini kinabadilika nyuma yake, inapima mwanga unaofika kwa lenzi yake basi. Kama kuna kitu kingine kinasongesha rangi wakati unapima ama baada ya kupima, kila siku utapata jibu lingine. Nijibu haya ndio tuendelee: Night Light ya Windows imewashwa ikijiwasha yenyewe jioni? Monita iko kwa modi gani kwa menyu yake, ni ya kawaida ama ya gemu ama sinema? Kuna kontrasti inayojibadilisha yenyewe? Umeunganisha kwa HDMI? Pale chini kona ya kulia karibu na saa, kuna programu ngapi zinazohusu rangi? Na unaiacha monita iwake muda gani kabla ya kupima, maana chini ya nusu saa bado inapanda mwanga na weupe wake unatembea. Na HDR ya Windows izime, hiyo ni dunia nyingine kabisa.

PichaZiwani

Asante sana mkuu, hii nondo. Nimekaa nayo sasa hivi nikakagua kimoja kimoja.

Night Light ipo imewekwa ijiwashe jua likizama, sikuwahi kuigusa, ilikuja hivohivo na Windows aliyoweka fundi. Modi ya monita imeandikwa ya gemu na kuna kitu ndani yake cha kuinua weusi kiko kwenye 15 kati ya 20, nadhani mwenye nayo wa kwanza alikuwa anacheza gemu. Kontrasti ya kujibadilisha IMEWASHWA. Nimeunganisha kwa HDMI ndiyo. Kwenye kona kuna ile ya DisplayCAL, kuna nyingine ya kolorimita yenyewe iliyokuja na kifaa, na kuna ya kadi ya grafiki, kwaiyo tatu. Braitnesi ilikuwa 90 na kwenye programu niliacha kama ilivyo.

Ile ya karatasi nimeifanya. Nimeshuka mpaka 22!! Sikutegemea kabisa.

RangiSafi_NBO

Sasa hapo tumepata karibu kila kitu boss.

Night Light ndio ubluu wako wa asubuhi. Ukipima usiku ikiwa imewaka, sensa inaona skrini ya manjano, programu inakuambia ongeza bluu mpaka namba zifike 6500. Asubuhi Night Light inajizima, ile bluu uliyoongeza inabaki. Zima kabisa, na kama una programu nyingine ya aina hiyo itoe, kwa Mac pia kuna True Tone na Night Shift ni jambo hilo hilo.

Modi ya gemu ndio imekula lapeli zako. Hiyo ya kuinua weusi imewekwa ili mchezaji amuone adui amejificha gizani, kwa hivyo koti jeusi kwa skrini yako linaonekana na mshono wake wote lakini kwa faili hizo toni ziko chini kabisa karibu na sifuri. Wewe unaona nafasi iko, unashusha kidogo ndio koti likae jeusi la kupendeza, karatasi inafunga mlango. Na kontrasti ya kujibadilisha ni mbaya zaidi wakati wa kupima juu programu inaonyesha kipande cheusi monita inapunguza taa, inaonyesha cheupe inaongeza, kwa hivyo hakuna vipimo viwili vya monita moja hapo.

Programu tatu kwa kona ndio ile "siku zingine kama haijapimwa". Kalibresheni sehemu yake moja inakaa kwa jedwali ndani ya kadi ya grafiki, na kila programu ikiamka inataka kuandika lake hapo. Ya mwisho kuamka ndio inashinda. Acha moja tu, zingine zizuie zisijiwashe na kompyuta. Kwa programu ya kadi ya grafiki hakikisha hakuna mtu amepandisha ukolezi wa rangi ama gama, rudisha kila kitu sifuri. Kompyuta zingine pia zikitoka usingizini jedwali linapotea, kwa hivyo ukiona rangi imeruka baada ya kufungua laptopu usikimbilie kupima tena, pakia tu profaili (faili ya vipimo vya rangi vya monita) upya.

HDMI: angalia kwa setingi za kadi kama inatuma ngazi zote 0 mpaka 255 ama ile fupi ya televisheni ya 16 mpaka 235. Kadi ikituma fupi na monita inangoja ndefu, nyeusi inakaa kijivu na nyeupe inafifia.

Rudisha monita kwa setingi za kiwandani, chagua modi ya mtumiaji ile inakupa nyekundu, kijani na bluu kila moja na kitelezi chake. Ngoja nusu saa, ndio upime. Kwa ule ukurasa wa DisplayCAL wenye mistari mitatu ya rangi, SHUSHA ile iliyozidi, usipandishe iliyopungua, maana nyingi ziko karibu na mwisho tayari na ukipandisha unapoteza toni za juu kwa gauni jeupe. Kazi kubwa ifanyike hapo kwa vitufe vya monita, programu ibakiwe na marekebisho madogo. Ukiiachia programu ifanye yote kwa kadi ya biti 8 utaona mistari mistari kwa anga na kwa vivuli vya uso.

Upinki unaobaki mchana na usiku mimi nashuku sensa inasoma vibaya, lakini kuna mtu hapa anajua sensa kuniliko.

UngujaKata

Assalaam aleikum. Nimeitwa bila kutajwa jina lol. Mimi nipo Unguja, kazi yangu ni kukata video na kurekebisha rangi zake, hichi kidude nakitumia miaka.

Ndugu yangu wa Mwanza, ile delta E ya 0.6 isikutie moyo wala isikuvunje. Ripoti imepimwa na sensa ile ile iliyofanya kalibresheni. Ni sawa na fundi cherehani mwenye futi iliyokatika sentimita mbili za mwanzo, atapima kitambaa, atakata, atapima tena, kila kitu kitalingana, na suruali itakuwa fupi. Delta E ndogo inakwambia skrini inaifuata sensa. Kama sensa inaona sawasawa hilo ni suali jengine.

Na kwa nini isione sawasawa? Kolorimita haisomi wigo mzima wa mwanga. Ina vichujio vya rangi vilivyotengenezwa viige jicho la kawaida la mwaka 1931, lile walilolikubaliana CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, na hakuna kichujio kinacholiiga jicho hilo sawasawa kabisa. Ingekuwa mwanga wa skrini ni laini kama wa jua kosa lingekuwa dogo, lakini baklaiti (taa za nyuma ya paneli) zina vilele. LED nyeupe ya kawaida ni LED ya bluu iliyopakwa fosfori ya manjano, kwa hivyo kuna kilele kikali cha bluu kisha kilima kipana. Monita za rangi pana nyingi zinatumia fosfori ya aina ya PFS ambayo nyekundu yake ni vijisindano vyembamba. OLED ni mambo mengine, zile za zamani za taa ya tyubu mambo mengine. Kichujio kikikosea kidogo pale penye kilele, weupe wote unahama, na unahama kuelekea upinki au ukijani ndiyo rahisi sana jicho kuuona.

Ndiyo maana kwenye DisplayCAL kuna sehemu ya kuchagua faili la marekebisho. Kuna aina mbili na watu wanazichanganya. CCSS inaeleza wigo wa mwanga wa aina ya monita, na i1Display Pro inazo ndani yake kumbukumbu za jinsi vichujio vyake vinavyoona, kwa hivyo programu inakokotoa yenyewe. Hiyo unaweza kupewa na mtu ikakufaa alimradi baklaiti ni ya aina moja. CCMX ni matriksi, imetengenezwa kwa kulinganisha sensa fulani na spektrofotomita (kifaa kinachosoma wigo mzima) juu ya monita fulani. Hiyo ni ya jozi ile. Ukiihamishia kwengine unapima kwa kosa la mwenzio.

Umesema jamaa kakupa programu na mafaili yake. Tizama pale kwenye marekebisho pameandikwa nini.

PichaZiwani

Wa aleikum salaam mkuu. Pameandikwa jina la monita ambayo SIO yangu, na mwisho wa faili ni ccmx. Nimempigia jamaa anasema yake ilikuwa ya rangi pana. Yangu kwenye karatasi ya kiwanda imeandikwa asilimia 99 ya sRGB, LED.

UngujaKata

Basi ndiyo huo upinki wako. Iondoe, chagua ile ya LED nyeupe katika zile zinazokuja na programu. Ya asilimia 99 ya sRGB tu kwa kawaida ni LED nyeupe ya kawaida. Ingekuwa imeandikwa 95 ya P3, ile ya rangi pana, ningekwambia tafuta PFS, na ukiwa huna hakika ipo hazina ya DisplayCAL mtandaoni, unaandika modeli ya monita unatizama wenzio wamepima nini.

Vitu vidogo vidogo vya kupima vyenyewe: kile kikofia cheupe cha kupimia mwanga wa chumba kigeuze nyuma kisikae mbele ya lenzi. Monita ilaze nyuma kidogo ili sensa ikae bapa kwa uzito wake, usiibane kwa mkono maana paneli ya LCD ukiibonyeza inabadilika rangi pale pale. Zima taa ya chumba au funga pazia, mwanga wa dirisha ukipenya pembeni ya sensa unaharibu zaidi vipimo vya weusi kwa sababu pale sensa inahesabu mwanga mdogo mno. Funga na kiokoa skrini. Kwa profaili chagua ile ya kawaida ya mkunjo (curve) mmoja na matriksi, na washa ulinganishaji wa weusi, ile ya jedwali kubwa ni kwa paneli korofi na kuna programu zinazoisoma vibaya.

Ukimaliza usiangalie picha ya harusi mwanzo. Fungua ngazi ya grei kutoka nyeusi mpaka nyeupe, ukurasa wa mtandaoni wa Lagom unazo za bure, tizama kama kuna pahala panaingia rangi. Ikiwa ngazi nzima ni grei moja lakini unahisi yote imeelemea upande, hilo ni suala la weupe tu, linarekebishika. Ikiwa katikati ni pinki na juu ni kijani, rudi nyuma kuna kitu hakijakaa.

Suali lako la ripoti au macho: kwa ngazi kuwa laini na vipimo kutobadilika iamini sensa, jicho linazoea rangi baada ya dakika chache na linakubali lolote. Kwa weupe wa mwisho ukilinganisha na karatasi, jicho ndilo lenye neno.

Na hiyo laptopu usipoteze muda. Laptopu nyingi za bei ya kati zina paneli ya 45% NTSC (kipimo cha zamani cha upana wa rangi), hiyo ni kama theluthi mbili tu ya sRGB. Nyekundu iliyo kwenye faili haipo kwenye paneli, kalibresheni haiwezi kuleta rangi ambayo paneli haina. Na hata zingekuwa zote mbili ni nzuri, baklaiti zikiwa tofauti namba zinaweza kulingana na macho yakakataa, kwa kuwa jicho lako wewe si lile la 1931. Laptopu weka vitelezi na mafolda, picha ziangalie monita moja.

albamu_na_Neema

Nami nichangie kidogo wakaka, natengeneza albamu Arusha na nachapa ndogo ndogo mwenyewe kwa Epson L1800.

Hiyo 6500 watu wataanza kubishana. Standadi ya kuangalia vitu vilivyochapwa, ISO 3664, inataka taa ya D50 yani Kelvin 5000, na ndo maana kuna wanaosema kalibreti monita 5000. Mi nimejaribu, kwenye monita hizi zetu inaonekana manjano kama chai ya maziwa na ukiwa na tyubu nyeupe dukani ndo kabisa haifanani na chochote. Anza na 6500, linganisha na karatasi, kama karatasi inaonekana na joto zaidi shuka 6200, 5800, mpaka zipatane. Tatizo watu hawaangalii taa wanayoangalizia albamu. Ile tyubu ya bei rahisi inaua nyekundu, uso wa mtu mweusi unakuwa wa kijivu kijivu hauna uhai, alafu unarudi kwenye kompyuta unaongeza nyekundu, mteja anaenda kuiangalia kibarazani nje wekundu unamruka! Tafuta balbu yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa ukweli) 90 kwenda juu, hata moja tu juu ya meza ya kukagulia. Ukikosa, kaa karibu na dirisha mchana upande usiopigwa na jua moja kwa moja.

Kwa ngozi zetu hili ni jambo la kuchukulia kwa uzito jamani. Ngozi nyeusi toni zake nyingi ziko kwenye vivuli, na vivuli ndo mahali monita mbovu inadanganya zaidi. Mi nikiedit nakagua vitu vitatu: chini ya kidevu, pembeni ya pua na mstari wa nywele kwenye paji la uso. Hapo pakiwa na umbo basi pengine pote patakuwepo, hapo pakiwa pameziba ujue albamu itaziba zaidi.

Pia nyuso nyekundu inaweza kuwa monita yako ya zamani ilikuwa na weupe wa baridi, monita nyingi zinatoka hivyo, wewe ukawa unazipasha joto picha bila kujua. Ila inaweza pia kuwa studio inayokuchapia. Waulize wanataka sRGB au wana profaili yao ya karatasi. Wakikupa profaili, Photoshop inaweza kukuonyesha kwenye skrini jinsi picha itakavyokaa kwenye karatasi hiyo, na hapo ndo utaelewa kwanini monita lazima iwe sawa kwanza. Usitume Adobe RGB, ile ya rangi pana kuliko sRGB, kwa mtu ambaye hajakwambia anaipokea, inatoka imepauka.

Na kwa wanaochapa wenyewe kama mimi, ukibadilisha wino wa chupa ukaweka wa kampuni nyingine, profaili iliyokuja na printa haina maana tena, unahitaji iliyopimwa kwa wino ule na karatasi ile.

kijana_wa_temeke

Daah nimejifunza kitu hapa. Swali, asiye na hela ya sensa je? Hata mia tatu elfu ni mtihani.

RangiSafi_NBO

Bila sensa unaweza fika mbali bado. Modi ya sRGB ya monita kama iko, Night Light imezimwa, kontrasti ya kujibadilisha imezimwa, braitnesi kwa njia ya karatasi, ngazi ya grei ya Lagom kuhakikisha vipande vyeusi vya mwanzo vinatofautiana. Usipakue profaili ya monita ya mtu mwingine kwa intaneti ukafikiri imekalibreti yako, hata modeli moja paneli zinatofautiana. Ama changieni watu wanne watano mnunue moja mzungushane, kifaa hicho unakitumia mara moja kwa mwezi tu. Lakini msinunue zile za zamani sana, vichujio vyake vilikuwa vya kupauka na joto na unyevu vinavimaliza.

PichaZiwani

Wadau mrejesho. Nimefanya yote kwa mpangilio mliosema, monita setingi za kiwandani, modi ya mtumiaji, kandela 100, LED nyeupe, programu moja tu ya kupakia profaili. Nimeshusha bluu sana na kijani kidogo, kumbe weupe wake ulikuwa umepitiliza huko kwenye baridi kama alivyosema dada Neema. Nimepima usiku nikapima tena mchana pazia limefungwa, profaili mbili zinafanana kabisa, sioni tofauti hata nikizibadilisha ghafla. Upinki umeondoka na ngazi ya grei ni grei mwanzo mwisho. Picha zangu za nyuma nikizifungua sasa naona wazi zilivyokuwa giza na zilivyoiva nyekundu, yani karatasi ilikuwa inasema kweli muda wote.

Nimerudia picha chache za ile harusi nikachapisha saizi ndogo ya 4R kwanza. Koti la bwana harusi lapeli zinaonekana, kifungo cha juu kinaonekana! Mwanga uko sawa. Nyuso zimepungua wekundu sana ila bado zina kajoto kidogo kuliko skrini, nimeangalia dirishani kama nilivyoelekezwa. Mwenye studio anasema wanapokea sRGB, profaili hana, na mashine yao "inajirekebisha yenyewe". Hapo nifanyeje?

albamu_na_Neema

Hongera sana! Hiyo inayojirekebisha yenyewe ndo mwambie aizime kwa kazi zako. Mashine inaona picha imejaa gauni jeupe au imejaa ngozi nyeusi inadhani picha imekosewa, inaisukuma. Ndo maana kwenye albamu moja kurasa mbili za mtu yule yule zinatoka tofauti.

RangiSafi_NBO

Na ukimpelekea, weka faili moja ya ziada yenye ngazi ya grei na uso mmoja unaoujua vizuri, aichape marekebisho yakiwa yamezimwa. Kama grei ya karatasi itatoka na joto hata hapo, basi ni mashine yake ama karatasi, na hiyo usiifukuze kwa monita. Itakuwa sawa kila siku kwa kiasi kile kile, kwa hivyo unaweza tengeneza marekebisho madogo ya kupoza kwa nakala ya kuchapa pekee, faili yako ya asili uiache. Tuwekee picha ya hiyo ngazi hapa ikitoka, ipige kando ya dirisha, tuone inaelemea wapi.

PichaZiwani

Sawa mkuu, kesho asubuhi napita kwake. Nitaweka hapa.